Aliyebeba Shuka Jeusi

Nyumbani kwetu Ng'ambo, mtaa wa Tabora, mtu akirudi safari haruhusiwi kusimulia alichokiona mpaka kwanza aseme nani alimbeba. Hiyo ni sheria ya baba. Ukianza na "kule theluji inafika magotini," anainua kidole na kuuliza, "Nani alikubeba?" Hapo huna ujanja. Lazima urudi nyuma uanze na dereva aliyekungoja, au mama aliyekuonyesha choo kilipo, au mpita njia aliyekushika mkono mkavuka barabara. Baba anasema sheria hiyo aliipata kwa babu yake, mpagazi wa misafara ya pwani, na kwamba watu waliotembea miezi na meno ya tembo mabegani hawakuwa na subira na msafiri anayejifanya alifika mwenyewe. Sijui kama ni kweli. Mimi ni mwandishi wa habari za sayansi, kazi yangu ni kutosadiki haraka, na nilipokuwa msichana sheria hiyo ilinikera kupita kiasi.

Mwaka huo zamu ya karamu ilikuwa yangu. Tuko waandishi watatu tuliofahamiana kwenye mafunzo, na kila mmoja kwa wakati wake amewahi kupelekwa nje ya nchi kuripoti. Tulikubaliana kwamba kila mwaka tutakula sikukuu moja nyumbani kwa mmoja wetu, na baada ya chakula kila mtu atasimulia jambo moja la ugenini ambalo mhariri alilikata. Krismasi iliyotangulia tulikuwa Igunga kwa mwenzetu wa kike, binti wa wafugaji, Msukuma, anayeandika habari za mbegu na mazao. Wa tatu ni Mzaramo wa Dar es Salaam, mrefu, mwenye maneno mengi, anayeandika habari za nyota na hali ya hewa. Sasa ilikuwa Idd, na wote wawili walishuka stendi ya Tabora wamejaa vumbi na maswali.

Mwenzetu wa Igunga alipiga goti kidogo mlangoni. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mwadila."

"Mwadila," alijibu, akacheka kwa kusikia salamu ya kwao.

Mzaramo hakutoa shikamoo. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na yeye alikuwa ameisubiri nafasi hiyo safari nzima. "Mzee, nimefuata mzigo wangu," alisema. "Babu yako aliuacha njiani."

"Ulikuwa wa chumvi," baba akamjibu bila kuinuka kitini. "Tulishaula kitambo. Karibu ndani."

Mchana huo nilikuwa jikoni na mama tukigawa nyama ya pilau. Kama kila Idd, alitenga fungu moja kwenye chombo chenye mfuniko. Nililijua fungu hilo tangu utotoni: ni la bibi mmoja wa Goweko, mjane wa mtu aliyefanya kazi na baba, na kila Idd pili baba humpelekea mwenyewe. Sikuwahi kuuliza kwa nini asimtume mtu. Siku hiyo niliuliza, kwa sababu magoti ya baba yalikuwa yanamsumbua.

Mama aliacha kisu. "Hujui?" akasema. "Umezunguka dunia nzima kuuliza watu, na hili hujui?"

Kwamba baba ujanani alikamata mbung'o nilikuwa nalijua. Mbung'o ni yule nzi wa porini anayeleta malale, ugonjwa wa kusinzia hadi kufa. Ofisi moja, ambayo sasa haipo, iliajiri vijana wawili wawili. Mmoja alitangulia na shuka jeusi lililotandazwa mgongoni kwenye fito mbili, kwa sababu mbung'o hukimbilia kitu cheusi kinachotembea. Wa pili alifuata na kimia, akiwakamata nzi waliotua kwenye shuka. Baba alikuwa mtu wa kimia. Mwenzake, mume wa bibi wa Goweko, alikuwa mtu wa shuka, na pori lao lilikuwa huko huko Goweko. Nzi walikaushwa, wakafungwa kwenye vikaratasi, wakatiwa makoponi, na makopo yakaondoka kwa treni. Bwana mkubwa wa ofisi aliwaambia kwamba yanakwenda Ulaya, kwa watu wanaotafuta dawa.

Nililokuwa silijui ni hili. Mtu wa shuka alipata malale akafa, mke wake ana mimba ya kwanza. Siku ya matanga baba alimwambia mjane: "Nzi wake wamefika. Wanafanyiwa kazi." Alisema kumtuliza tu, hakuwa na habari yoyote. Ofisi ilipofungwa, baba alikwenda kuaga, akakuta makopo yamerundikwa nyuma ya ghala, mengine yameota kutu, yamejaa sisimizi. Toka siku hiyo hakujua kama hata kopo moja liliwahi kuondoka. "Na kila Idd anakwenda kukaa mbele ya yule mama," alisema mama, "akiwa na neno lile lile kooni."

Nilisimama na mikono yenye mafuta. Miaka miwili nyuma nilikuwa Ulaya kuripoti juu ya maabara inayofuga mbung'o. Na siku ya mwisho, kwa dakika kumi tu, nilionyeshwa droo ya mbung'o wa zamani, na juu ya droo hiyo nilisoma neno Tabora.

Nilimkumbuka baba pale kwenye droo, nakiri. Nilitabasamu, nikaandika sentensi moja tamu kuhusu nzi wa nyumbani, nikaendelea na kazi. Mhariri aliikata. Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kazini Dar es Salaam, na nilipofika Ng'ambo miezi baadaye safari ilikuwa imeshapoa. Sikumwambia baba chochote zaidi ya kwamba nilikwenda kuangalia wadudu.

Jioni tulikaa mkekani kuzunguka sinia. Palikuwa na pilau, kachumbari, na bakuli la uyoga mkavu uliopikwa kwa karanga, ambao Mzaramo aliutazama kwa mashaka kisha akaumaliza. Mwenzetu wa Igunga alianza. Alikuwa amekwenda Asia kwenye ghala la mbegu, chumba baridi kuliko friji ya bucha, ambamo punje za mpunga hulazwa miaka na miaka. Lililokatwa na mhariri ni kwamba mlinzi wa ghala lile alikuwa na bustani ya mpunga nje ya geti, kwenye ndoo za rangi, kwa sababu aliona si haki mbegu zilale tu bila kuota. Baba alilipenda hilo sana.

Mzaramo akafuata. Alipelekwa kwenye darubini kubwa juu ya mlima mkavu Amerika ya Kusini, mahali pa juu kiasi kwamba alitapika kutwa nzima na hakuona nyota hata moja.

"Nani alikubeba?" baba akauliza.

"Mzee, sisi Wazaramo hatubebwi. Tunawabebesha ninyi."

"Uliposhindwa kutembea, nani alikubeba?"

Mzaramo alicheka, akakubali: mpishi wa kambi, aliyemshika kiunoni akamshusha ngazi, akamnywesha chai ya majani machungu.

Zamu yangu ilipofika mama alikuwa ananitazama. Nilikuwa nimeandaa hadithi nyingine, ya kuchekesha. Niliiacha. Na kwa kuwa nilikuwa naogopa, nikaishika sheria ya baba kabla hajainua kidole: nilisema kwamba aliyenibeba kule alikuwa mama mmoja mtunza droo, aliyeona natetemeka akaniazima koti na glavu, na kwamba glavu zake nilisahau kuzirudisha, nikamwandikia kumwomba radhi.

Kisha nikasimulia maabara. Mbung'o wamo kwenye vizimba vidogo vya wavu, wanawekwa juu ya sahani ya damu iliyofunikwa kwa utando mwembamba, nao wanauchoma wakidhani ni ngozi ya ng'ombe. Jike hatagi mayai, anazaa mtoto mmoja mmoja, na mtoto huyo akishuka tu anajizika mchangani.

"Ndiyo, anajizika," baba akasema. "Ukifukua chini ya gogo unamkuta, mweusi, mgumu. Tulikuwa tunawafukua." Uso wake ulichangamka. Nikaona sijawahi kumuuliza chochote kuhusu nzi hawa, mimi niliyepanda ndege kwenda kumuuliza profesa.

Nikaisema ile droo. Nikalisema neno Tabora.

Baba alirudisha tonge kwenye sinia. "Wamo wenyewe, au wamefungwa?"

"Baadhi wamechomwa pini. Wengine wamefungwa kwenye vikaratasi."

"Vikaratasi vimekunjwaje?"

Sikujua. Nilitoa simu, nikatafuta picha niliyopiga siku ile. Tuliiangalia sote, vichwa vimegusana. Profesa alionekana vizuri mno, mpaka vifungo vya shati. Droo aliyoishika ilikuwa imekatwa na ukingo wa picha, na kipande kilichobaki kilikuwa ukungu mtupu.

"Ulimuuliza nani aliwakamata?" baba akasema.

"Hapana."

"Ulimuuliza nini?"

"Nani aligundua jinsi ya kuwafuga."

Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Niliona aibu iliyonifanya nitamani kutoka nje. Mzaramo alikuwa anachezea punje za wali. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa anajaribu kumkumbuka mtu anayesafisha vioo vya ile darubini, na hakumkumbuka hata sura. Ndivyo tulivyofundishwa kazi: tunamtafuta mwenye cheo, tunalihakiki jina lake mara tatu, halafu tunafunga daftari.

"Kila mkamataji alikuwa na mkunjo wake," baba akaeleza taratibu. "Wengi wetu hatukuwa tunaandika vizuri, kwa hiyo ofisi ilijua kazi ya nani ni ipi kwa mkunjo. Wangu mimi..." Akanyoosha mkono kuchukua kipande cha gazeti.

"Baba, naomba usituonyeshe!" Mwenzetu wa Igunga aliruka kana kwamba amemwagiwa chai. "Usituambie hata kidogo."

Baba alishangaa, mama akashangaa zaidi. Mimi na Mzaramo tulielewa papo hapo. Kama tungeujua mkunjo, tungemwelezea mtunza droo, naye kwa wema wake angetutafutia unaofanana. Na sisi tungeuona popote, kwa sababu tulikuwa tunautaka. Baba alikuwa ameshapewa neno moja lisilo na uhakika na bwana mkubwa, akalipitisha kwa mjane. La pili hakulihitaji.

Nikaiandika meseji mbele yao, kwa namba ya mama wa glavu. Sikumweleza habari ya baba. Nilimwomba tu, kama droo ya Tabora ipo bado, apige picha vikaratasi vyote pamoja na maandishi yake. Wenzangu waliisoma mara mbili, wakafuta neno langu moja lililokuwa linadokeza. Baba alitutazama tukibishana, akamwuliza mama kama hawa watoto wako sawa.

Asubuhi ya Idd pili niliwapeleka wageni Kwihara, kwenye tembe la zamani la enzi za misafara, kama kila mwenyeji wa Tabora anavyofanya akipata wageni. Baba alibaki akijiandaa kwa safari ya Goweko ya mchana. Mwenzetu wa Igunga alikuwa anapapasa ukuta mnene wa udongo akitaka kujua umechanganywa na nini, Mzaramo anaulizia mizigo iliwekwa chumba gani na wapagazi walilala wapi. Simu ikalia.

Mama wa glavu alikuwa ametuma picha kumi na moja. Vikaratasi vingi vilikuwa bahasha za ofisi za kawaida, za pembetatu. Lakini vitatu havikufanana na vyovyote: vilikuwa vimeviringwa kama pakiti za karanga za stendi, na mkia umekunjwa mara mbili, ukachomekwa ubavuni. Juu yake mwandiko wa wino ulisema Goweko. Mahali pa mkusanyaji palikuwa na jina la bwana mkubwa wa ofisi. Chini ya picha mama huyo alikuwa ameandika kwamba hivyo vitatu hawajavifungua hata siku moja, kwa sababu hakuna aliyejua jinsi ya kuvikunja tena.

"Twende," Mzaramo alisema, na sauti yake haikuwa ya utani.

Tulimkuta baba sebuleni, kanzu imeshapigwa pasi. Nilimwekea mbele karatasi ya daftari na bakuli la karanga, nikamwomba atufungie za kula njiani. Aliviringa karatasi, akamimina karanga, akabana mdomo wa pakiti kwa kukunja mara moja juu. Basi. Ilikuwa pakiti ya karanga kama za mtu yeyote.

Niliangalia chini. Mwenzetu wa Igunga alinishika mkono. Nilihisi kama mtu aliyejenga nyumba usiku kucha na kuiona asubuhi haina mlango.

"Asante, baba," nikasema.

"Mbona mmenuna?" Akatutazama mmoja mmoja, halafu akaelewa, maana si mjinga. "Kumbe mnanijaribu! Sasa si mngesema? Hii ni ya karanga. Ya nzi ni nyingine. Karanga haziingiwi na sisimizi njiani."

Akachukua karatasi nyingine. Aliviringa vile vile, kama alivyojifunza kwa mama yake aliyeuza karanga sokoni. Kisha akakunja mkia mara moja, akaukunja tena, akauchomeka ubavuni, akaupiga kwa kidole gumba. "Hapo sisimizi haoni mlango," akasema.

Nikaweka simu kando ya pakiti ile. Baba alivaa miwani, akainama, akaangalia picha, akaangalia pakiti, akarudi kwenye picha. Mama alikuja kusimama nyuma yake.

"Wamefika," baba akasema.

Halafu alilia. Sikuwahi kumuona baba akilia, hata kwenye msiba wa kaka yake, na mimi nililia pia, na Mzaramo alitoka nje akasema anaangalia kama gari tulilokodi limefika.

Tulikwenda Goweko sote. Njia nzima, kati ya misitu ya miombo na mabani ya kukaushia tumbaku, baba alikaa kiti cha mbele na chombo cha nyama magotini, akitengeneza atakachosema. Kilichomtisha sasa nilikijua bila kuambiwa. Ili kumwambia yule mama kwamba nzi wamefika, ilimpasa kwanza akiri kwamba siku ya matanga alikuwa hajui.

Bibi wa Goweko ni mdogo wa umbo, masikio yake mazima, macho yake makali. Tulimwamkia, akatukalisha kwenye viti vya kamba, akapokea chombo. Baba hakugusa maji aliyopewa. Alisema yote moja kwa moja: makopo nyuma ya ghala, kutu, sisimizi, na kwamba neno alilomwambia siku ile hakuwa nalo, alilitoa hewani. Kisha akamwonyesha picha kwenye simu yangu na pakiti mkononi mwake. "Lakini wamefika, dada. Nimeona kwa macho. Hawa walitua kwenye shuka la mumeo."

Bibi aliishika simu kwa mikono miwili, akaitazama.

"Nilijua kwamba hujui," akasema.

Baba akainua uso.

"Ungekuwa na hakika ungekuja mara moja tu, uniambie, uende zako," alisema bibi. "Mtu hawezi kuja miaka yote hii kwa jambo lililokwisha." Akamrudishia simu. "Kunywa maji."

Baba akanywa.

Nilimwandikia mama wa glavu papo hapo, safari hii habari yote. Jibu lilikuja tukiwa bado tumekaa. Aliuliza kama anaweza kuongeza maandishi kwenye droo, chini ya jina la bwana mkubwa, na aandike jina gani.

Nilimgeukia baba. Alitikisa kichwa, akanyoosha kidole kwa bibi. "La aliyebeba shuka kwanza," akasema. "Langu linaweza kufuata nyuma, kama tulivyotembea."

Nikatoa daftari. Bibi alilitaja jina la mumewe, la baba yake, na la babu yake, polepole, na mimi nikaliandika. Silitaji hapa, kwa kuwa aliniomba nisiliweke gazetini. Gazeti, alisema, hufungiwa karanga. Nilimsomea nilichoandika. Alirekebisha herufi moja. Nilimsomea tena, na tena, mpaka akaniuliza kama mimi ni kiziwi.